Sikio la Jaji Lukindo

Nchi yenyewe haimo katika ramani. Msomaji atakayedhani kwamba ameiona kupitia dirisha la nyumba yake na alaumu dirisha, asimlaumu msimulizi. Inaitwa Shirikisho la Utulivu, wananchi wake huitwa Watulivu, na kiongozi wao, ambaye amekwisha kukataa vyeo vyote vya kujikweza, huitwa tu Mlezi Mkuu wa Milele.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoheshimiwa kuliko uhuru wa mahakama. Katiba inasema wazi, kwa herufi za dhahabu zilizochongwa katika ukuta wa Ikulu, kwamba mtu yeyote asithubutu kumwambia jaji neno lolote juu ya shauri lililo mbele yake. Watulivu ni watu wa katiba. Tangu Shirikisho lizaliwe, hakuna waziri, mkuu wa jimbo wala shemeji wa waziri aliyewahi kumwambia jaji neno.

Wanakohoa tu.

Utaratibu wake ni wa kistaarabu sana. Nyuma ya kiti cha kila jaji wa Mahakama ya Mashauri ya Shirikisho hutundikwa pazia zito la zambarau, na nyuma ya pazia hilo huketi mtumishi wa umma aitwaye Mkaguzi wa Hewa. Kazi yake, kwa mujibu wa tangazo la ajira, ni kuhakikisha kwamba Mheshimiwa Jaji anapata hewa safi. Kukohoa hakumo katika tangazo. Lakini mtu aliyeketishwa nyuma ya pazia lenye vumbi atakosaje kukohoa? Akikohoa mara moja, Serikali imeshinda. Akikohoa mara mbili, shauri linaahirishwa hadi hapo Serikali itakapojua inataka nini. Akikohoa mara tatu, mwananchi ameshinda. Kikohozi hiki cha tatu hutumika kwa nadra, hasa majira ya uchaguzi na siku wafadhili wanapokuja na kamera zao.

Hakuna jaji aliyekuwa na sikio zuri kwa kazi hiyo kama Jaji Gervas Lukindo.

Hakuzaliwa nalo. Alipotoka chuoni, kijana mwembamba mwenye suti moja na imani nyingi, alipelekwa kuwa hakimu katika Jimbo la Nyanda Kavu. Huko ng'ombe wa Mkuu wa Wilaya waliingia katika shamba la mkulima mmoja wakala mahindi yote, na hakimu Lukindo, kwa kuwa hakuwa amefundishwa vingine, akaamuru mkulima alipwe. Juma hilohilo alipandishwa cheo. Akawa Hakimu Mfawidhi wa Kisiwa cha Mwari, ambacho wakazi wake walikuwa ni yeye mwenyewe na ndege. Ndege wa kisiwa kile hawana desturi ya kushtakiana. Lukindo alikaa huko akisikiliza mawimbi hadi akaelewa, na alipoelewa, mashua ilikuja kumchukua.

Aliitwa mbele ya Kamati ya Bunge inayowathibitisha majaji wa Shirikisho. Mwenyekiti wa Kamati, mzee aliyekuwa amevaa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutosomea, alimwuliza swali moja tu.

"Bwana Lukindo, haki ni nini?"

Lukindo alikuwa amejiandaa. Alisimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa ili aeleze yale aliyofundishwa chuoni. Papo hapo mtu fulani katika kona ya ukumbi akakohoa. Lukindo akafunga kinywa, akaketi.

Kamati nzima ilipiga makofi. "Jibu fasaha kama hili," alisema Mwenyekiti huku akibadilisha miwani, "halijapata kusikika katika ukumbi huu."

Kuanzia siku hiyo mambo yake yalimnyookea. Alivaa joho jeusi, akapewa nyumba yenye baraza na gari lenye bendera ndogo, na kwa miaka mingi aliinamisha kichwa mbele ya mawakili, akafumba macho na kungoja. Watu walisema, tazama jinsi Jaji Lukindo anavyotafakari! Kumbe alikuwa anahesabu. Sababu za hukumu hakuwa na haja ya kuzitafuta. Ziliandaliwa na Idara ya Sababu, ghorofa ya pili ya Wizara, na kuletwa zikiwa zimepigwa chapa, zimegongwa mhuri, na kuachiwa nafasi ya kujaza jina la aliyeshindwa. Majalada ya mashauri aliyapenda kwa ajili ya riboni zake. Kuyafungua hakuwahi kuyafungua.

Sasa alikuwa amebakiza ngazi moja: Mahakama ya Rufaa, ambayo majaji wake huvaa joho lenye tarizi nyekundu. Kiti kilikuwa wazi. Jina lake lilikuwa linatajwa. Alichotakiwa kufanya ni kuendelea kusikia.

*

Shauri la Bi Staimili Kapungu lilikuja asubuhi moja ya joto. Bi Staimili alikuwa mjane mwenye mashine ya kusaga na kukoboa katika mtaa wa Mbuyuni Chini, na mtaa mzima ulikula unga uliotoka hapo. Serikali ilitaka kiwanja chake ili ijenge Mnara wa Shukrani, mahali ambapo wananchi wangekuja kumshukuru Mlezi Mkuu kwa utaratibu unaoeleweka. Tingatinga lilikuwa limekwisha kuegeshwa mbele ya mlango wa mashine, dereva amelala ndani yake, akisubiri hukumu.

"Kooorti!" alinadi karani, Bi Mbonea. Watu wakasimama, wakaketi.

Wakili wa Serikali, Bwana Mwaluko, mtu mnene mwenye sauti ya kuongozea harusi, alinyanyuka na kuvuta mikono ya joho lake.

"Mheshimiwa Jaji! Mdai anasema mashine yake inasaga unga. Serikali, kwa unyenyekevu wake, haikatai. Lakini unga ni nini, Mheshimiwa, mbele ya shukrani? Mtu anaweza kulala na njaa na bado akashukuru. Tunao ushahidi wa kutosha katika majimbo yote. Lakini ni nani aliyewahi kushukuru vizuri bila mahali pa kushukuria? Naomba shauri hili litupwe, na mdai aagizwe kuwa wa kwanza kutoa shukrani mnara utakapokamilika."

Akaketi. Kiti kikalalamika.

Bi Staimili hakuwa na wakili. Alisimama na kanga yake mabegani, nyusi zake zikiwa nyeupe kwa unga ambao haukuwahi kumtoka hata siku za sikukuu.

"Baba Jaji, mimi sijakataa kushukuru. Nimeshukuru mpaka taya zimeniuma. Ila kiwanja kile tulikinunua mimi na marehemu, na hati ninayo, nimeileta humu mahakamani wakaifunga kwa riboni. Nikiondolewa pale, sina pengine. Sasa hebu niambieni: hizo shukrani nizitoe nikiwa nimekula nini?"

Watu wakacheka. "Mwambie, mama!" alisema mtu nyuma. Bi Mbonea akagonga meza.

Jaji Lukindo aliinamisha kichwa, akafumba macho, akangoja.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kujua kilichokuwa kikitendeka nyuma ya pazia. Mkaguzi wa Hewa, Bwana Tindwa, alikuwa mtumishi mwaminifu ambaye hakuwahi kukosea kikohozi hata kimoja. Lakini asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani bila kunywa chai, na kwa kuwa hotuba ya Bwana Mwaluko ilikuwa ndefu, alijiruhusu kitumbua. Kilikuwa cha moto na kikubwa, na kilikuwa mdomoni chote.

Naye Bi Staimili, aliyekuwa amesaga nafaka maisha yake yote, alihisi kifua kikimwasha.

"Koh! Koh! Koh!" Akajipangusa mdomo kwa upindo wa kanga. "Samahani, baba. Ni unga huu."

Sikio la Jaji Lukindo lilikuwa limefunzwa kuhesabu. Halikuwa limefunzwa kuuliza ni koo la nani. Lilihesabu tatu. Moyoni alijiambia kwamba bila shaka wafadhili wamekuja, akajuta kwamba hakuchana nywele vizuri. Akainua kichwa, akatabasamu kuelekea mahali ambapo kamera zingekuwa, akashika nyundo.

"Mdai ameshinda. Serikali iondoe tingatinga lake." Ngo!

Kimya kilichofuata kilikuwa cha aina ambayo Shirikisho la Utulivu, pamoja na jina lake, halikuwa limewahi kuipata. Kisha, nyuma ya pazia, kikasikika kikohozi kimoja, kilichochelewa na chenye makombo, ambacho hakikuwa na faida tena kwa mtu yeyote.

*

Kwa mara ya kwanza katika miaka yao yote ya kufanya kazi pamoja, Jaji Lukindo na Bwana Tindwa walisemezana. Ilikuwa katika chumba cha jaji, mlango umefungwa.

"Umenimaliza, Mheshimiwa," alisema Tindwa, mafuta ya kitumbua yakiwa bado yanang'aa kidevuni. "Nina watoto wanaosoma!"

"Nimekumaliza mimi? Umekohoa mara tatu!"

"Mimi? Mimi nilikuwa na kitumbua!"

"Kitumbua?"

"Cha nazi, Mheshimiwa. Aliyekohoa ni yule mama."

Jaji aliketi polepole. "Na wafadhili?"

"Wafadhili gani?"

Habari ilifika Wizarani kabla ya adhuhuri, na hapo pakazuka tatizo ambalo wataalamu wa sheria wa Shirikisho hawakuwahi kulifikiria. Ili hukumu ibatilishwe, ilibidi mtu aeleze kwamba kikohozi kilichosikika hakikuwa kile halali. Ili aeleze hivyo, ilibidi kwanza akiri kwamba kipo kikohozi halali. Mwanasheria Mkuu aliliangalia jambo hili upande huu, akaliangalia upande ule, kisha akaomba likizo ya ugonjwa.

Hatimaye hekima ilipatikana. Jaji mwenyewe angefanya mapitio ya hukumu yake, mbele ya hadhara, na safari hii Bwana Tindwa angekuja akiwa amekunywa chai nyumbani. Bunge nalo halikulala. Lilipitisha Sheria ya Afya ya Koo, ambayo inamtaka kila mwananchi anayeingia mahakamani kunywa kijiko cha dawa ya kifua mlangoni, mbele ya askari, na inamzuia kuingia yeyote ambaye kifua chake bado kina mashaka.

Ila lilibaki jambo moja dogo la kiutaratibu. Hukumu ikishatolewa, sababu zake lazima ziwekwe jaladani, na Idara ya Sababu ilijibu kwa masikitiko kwamba sababu za mwananchi kushinda zilikwisha tangu uchaguzi uliopita na hazijaagizwa nyingine. Mheshimiwa Jaji aliombwa aandike zake, ilimradi ziwe dhaifu.

Hivyo basi, Jumapili moja alasiri, baada ya kutoka kanisani, Jaji Lukindo aliketi barazani akafungua riboni ya jalada. Alikusudia kuandika ukurasa mmoja tu. Alisoma hati ya kiwanja. Akainuka, akaenda kabatini, akakipangusa vumbi kitabu cha Sheria ya Ardhi, akarudi. Akasoma tena. Mke wake, Bi Perpetua, alipita na sinia la chai, akasimama, akarudi nyuma.

"Baba Imelda, unaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Unasoma."

"Mama Imelda," alisema jaji, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa mtu aliyeokota funguo zake katika mfuko aliokwisha kuutazama, "yule mama ana haki."

"Yupi?"

"Yule mwenye mashine. Si suala la kikohozi. Hati yake ni safi. Kifungu kiko wazi kabisa. Hata angenyamaza kimya, angeshinda."

"Angeshinda wapi?" aliuliza Bi Perpetua, ambaye alikuwa ameishi nchini humo muda mrefu. "Kunywa chai yako, inapoa."

Jaji aliandika. Sababu hazikutoka dhaifu. Alijaribu kuzidhoofisha, akafuta sentensi hapa na pale, lakini kila alipofuta moja, ile iliyofuata ilisimama wima zaidi. Mwishowe aliziacha.

Siku moja kabla ya mapitio, Bwana Mwaluko alimtembelea nyumbani. Kwa kuwa katiba ilimkataza kusema neno juu ya shauri, hakusema. Alifungua sanduku, akatoa joho jipya lenye tarizi nyekundu, akamvisha jaji kwa mikono yake mwenyewe mbele ya kioo cha sebuleni.

"Limekukaa!" alisema Bi Perpetua, na machozi yakamlengalenga. "Jamani, limekukaa, Baba Imelda!"

Lilikuwa limemkaa kweli. Jaji aligeuka kushoto, akageuka kulia. Alijiona vile alivyokuwa akijiota tangu Kisiwa cha Mwari. Bwana Mwaluko akamwacha atosheke, kisha akamvua taratibu, akalikunja na kulirudisha ndani ya sanduku. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Koh," alisema kwa adabu, akaenda zake.

*

Siku ya mapitio ukumbi ulijaa. Kila mtu alinukia dawa ya kifua. Bi Staimili alizuiwa mlangoni, kwa kuwa alikunywa kijiko chake akakohoa, akapewa cha pili akakohoa zaidi. Akasimama nje, kwenye dirisha, ameshika nondo. Kwa mbali lilisikika tingatinga. Dereva alikuwa ameambiwa aliwashe ili lipate moto mapema.

"Kooorti!"

Bwana Mwaluko alisimama. Safari hii alikuwa na maneno machache. "Mheshimiwa, binadamu huteleza. Serikali inaamini kwamba mahakama, ikipewa hewa safi, itajisahihisha." Miguuni pake palikuwa na sanduku, na kifuniko chake kilikuwa kimeachwa wazi kidogo, kiasi cha kuonyesha ncha ya tarizi nyekundu.

Jaji Lukindo aliinamisha kichwa. Akafumba macho.

Kikaja. Kilikuwa kikohozi kimoja, kipana, kilichotoka tumboni, cha mtu aliyekunywa chai na anayewafikiria watoto wake. Bwana Tindwa hakuwahi kukohoa vizuri kama siku ile. Kilizunguka ukumbi wote, kikatua sikioni mwa jaji kama kilivyotua siku zote, na mkono wake ukaanza wenyewe kuelekea kwenye nyundo.

Dirishani, Bi Staimili aliacha kujipangusa uso. Alimtazama tu.

Mkono wa jaji ukasimama njiani.

"Karani," alisema.

"Naam, Mheshimiwa."

"Kuna mtu anakohoa nyuma ya pazia hili. Mpelekeeni maji."

Kalamu ya Bi Mbonea ilianguka sakafuni, na kila mtu aliisikia. Katika historia yote ya Shirikisho, hakuna aliyewahi kusema kwamba nyuma ya pazia kuna mtu. Bwana Mwaluko aliinuka kwa kasi ambayo mwili wake haukuizoea.

"Mheshimiwa! Serikali inapinga! Nyuma ya pazia hakuna mtu!"

"Hakuna?"

"Hakuna kabisa! Hajawahi kuwapo!"

"Koh," lilisema pazia, kwa hofu.

"Wakili, umesikia hicho?"

Bwana Mwaluko alikuwa anatokwa na jasho. Alitazama pazia, akatazama sanduku, akatazama watu. "Serikali," alisema, "haijasikia kitu."

"Karani, andika hivyo. Serikali haijasikia kitu." Jaji Lukindo alifungua jalada. "Basi na mahakama haijasikia kitu. Na kwa kuwa hakuna kitu kipya kilichosikika, hukumu inabaki kama ilivyosomwa. Sababu ni hizi." Akazisoma zote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na vifungu, kwa sauti ambayo Bi Mbonea alisimulia baadaye kwamba hakujua kama jaji anayo.

Ngo!

"Jamani!" ilisikika sauti ya Bi Staimili kutoka dirishani. "Sasa huyo baba wa nyuma hapewi maji? Mpeni maji, atakufa!"

"Mpeni maji!" ukaitikia ukumbi mzima. "Mpeni maji!"

*

Gazeti la Serikali lilitangaza kwamba Mheshimiwa Jaji Gervas Lukindo amestaafishwa kwa heshima zote kutokana na uziwi. Nyumba yenye baraza ilichukuliwa, pamoja na gari na bendera yake. Tarizi nyekundu ilikwenda kwa jaji mwingine mwenye masikio mazima. Hukumu ya mashine haikuguswa, maana hadi leo hajapatikana mwanasheria wa kueleza kilichoikosesha. Na katika mahakama zote za Shirikisho, kutoka Nyanda Kavu hadi pwani, kila pazia linapokohoa, wananchi huinuka kwa adabu na kumwombea maji asiyekuwapo. Wizara imeunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Kamati imeahirishwa.

Msimu wa mahindi ulipofika, mstaafu alionekana Mbuyuni Chini na debe lake, amepanga foleni kama watu wengine. Mashine ilikuwa inanguruma. Bi Staimili alichungulia mlangoni, mweupe kuanzia nywele hadi kandambili.

"He! Baba Jaji! Na gazeti linasema husikii!"

"Mama, gazeti la Serikali halikosei."

"Foleni utapanga, lakini. Hapa hakuna mheshimiwa."

"Nimepanga, mama. Unaniona."

Mbele yake palikuwa na kelele. Akina mama wawili walikuwa wanagombea nafasi, kila mmoja ameweka debe lake mbele ya la mwenzake.

"Nimekuja kabla yako!"

"Umeota! Mimi nilikuwa hapa, nikaenda kumfuata mtoto!"

"Muulizeni jaji basi," alisema mtu. "Si yupo? Jaji, amua!"

Foleni yote iligeuka kumtazama. Gervas Lukindo, kwa mazoea ya miaka mingi, aliinamisha kichwa, akafumba macho, akangoja. Ndani ya mashine Bi Staimili alikohoa, kisha akakohoa tena, na tena, na tena. Ni mara ngapi, mzee hakuhesabu.

Akafumbua macho. Akageuza debe lake, akalikalia, akamtazama mama wa kwanza.

"Haya, tuanze na wewe. Ulipofika ulimkuta nani? Na yupo hapa nani aliyekuona?"